Mabaka ya Kumwotea Mume

Sabuni ndiyo iliyomsema Doyle.

Alirudi nyumbani Jumamosi jioni, siku tisa kabla ya kufunguliwa msimu wa kuwinda bata mzinga, akasema amelala siku mbili kwa binamu yake Wade, ng'ambo ya mto, wakisikiliza madume yanakolala. Siku zote mbili mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Velda aliupokea mfuko wa nguo mlangoni, kama alivyoupokea kwa miaka ishirini na sita, akitegemea tope na harufu ya moshi. Akakuta nguo za mabaka za kuwindia kavu, laini, zimekunjwa mikono ikiwa imelazwa kwa ndani kama shati jipya la dukani. Doyle Tackett hajapata kukunja hata leso maishani mwake.

Akaziinua puani. Maua.

“Umezifulia wapi hizi?”

“Ziliingia tope. Nikazisuuza kijitoni, nikazianika karibu na jiko la Wade.”

“Kijito cha kwa Wade siku hizi kinanukia maua?”

“Velda, wewe una pua ya mbwa wa kuwinda. Nipe chakula, nimechoka.”

Akampa maharage na mkate wa mahindi. Giza lilipoanza kuingia, Doyle akisinzia mbele ya televisheni, alitoka na lile koti lenye harufu ya maua, akalitundika kwenye tawi la mwerezi nyuma ya nyumba. Kando yake akatundika koti lake mwenyewe. Akarudi nyuma hatua ishirini, akageuka ghafla, kama baba yake Orval alivyomfundisha akiwa na miaka saba.

Koti lake halikuonekana. Lilikuwa limeingia mtini. Koti la Doyle lilisimama peke yake gizani likitoa mwanga wa buluu, hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Bata mzinga hana pua ya maana. Unaweza kukaanga vitunguu chini ya mti aliolalia, hajali. Ila macho! Anaona ukope ukipepesa, anaona rangi kuliko binadamu, na sabuni za unga za dukani zina dawa ya kung'arisha ambayo wewe unaiona usafi, yeye anaiona taa inayotembea. Ndiyo maana katika nyumba ya Velda nguo za porini zilifuliwa kwa magadi na maji ya mvua, zikaanikwa chini ya mwerezi, zikapigwa na vumbi la majani makavu. Kila mwindaji wa vilima vile vya Ozark alijua. Doyle alijua kuliko wote. Ambaye hakujua ni mtu asiyewinda.

Na Velda alimfahamu mmoja tu ambaye nyumba yake yote, tangu mapazia hadi mataulo, ilinukia maua yale: Rhonda, mjane wa kaka yake Curtis. Wifi yake.

Waswahili waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wanasema mafumbo. Velda alikuwa amekishika mkononi, kikiwa kimekunjwa vizuri.

Hata hivyo moyo una ujinga wake. Usiku ule alijipa sababu kumi. Pengine Doyle alipita kwa Rhonda kumtengenezea bomba, akaloa, wifi akamfulia kwa wema. Pengine Doyle alificha kwa kuogopa kelele. Mwanamume akidanganya kuhusu sabuni, si lazima awe amedanganya kuhusu kitanda. Velda alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti moja bovu, na shule aliiacha darasa la nne mama yake alipopooza. Barua zikija, msomaji alikuwa Doyle. Dawa zikiandikwa, msomaji alikuwa Doyle. Ukishamfanya mtu kuwa macho yako, kumwona kwa macho yako mwenyewe ni kazi.

Alichokuwa nacho yeye ni sindano. Wawindaji wa pande zote mbili za mto walivaa alichoshona. Hakufuata vitabu vya maduka. Kila Aprili alipanda mlimani na vipande vya kitambaa begani, akavilaza kwenye magome na majani ya chini, akaondoka, akarudi kuvitafuta. Alichokipata kwa urahisi alikitupa. Wiki ya kwanza ya msimu, porini ni kijivu na kahawia: magogo, majani ya mwaka jana, maua meupe machache ya miti midogo. Mwenye kuvaa kijani wiki hiyo ni sawa na mwenye kuvaa gauni la harusi. Kijani ni cha Mei. Na mwezi wowote ule, nyekundu, nyeupe na buluu hazivaliwi, hata soksi, hata leso ya mfukoni, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na kuna watu wanaofyatua kwanza na kutazama baadaye.

Jumatano Doyle alianza maneno.

“Jumatatu nitaanzia kwa Wade,” alisema akichovya mkate kwenye mchuzi. “Wewe na goti hilo, afadhali upumzike mwaka huu.”

“Na kiti cha baba?”

“Nilipita Jumapili. Hakuna kitu. Lile dume limehama.”

“Limehamia wapi?”

“Mimi ni posta? Halikuacha anwani.”

Akacheka mwenyewe. Velda akacheka pia, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Lakini alfajiri ile ile, akiwa barazani na kikombe cha kahawa, alikuwa amelisikia dume likinguruma juu ya mlima mara nne, pale pale lilipolala miaka mitatu mfululizo.

Kiti cha Orval kilikuwa shimo la kina cha kiganja katikati ya mizizi miwili ya mwaloni mweupe, lililochimbwa na makalio ya watu wa ukoo mmoja kwa miaka sabini. Mti wenyewe ulikuwa mpana kuliko mabega ya wanaume wawili, na kwa bata mzinga hilo ni nusu ya uwindaji: mgongo wako ukimezwa na mti, wewe huna umbo. Orval alipokuwa anakata roho, mapafu yamejaa maji, alimwita Doyle akamshika mkono. “Kwenye kiti changu kaa na binti yangu,” alisema. “Mwingine asipande.” Doyle aliapa huku machozi yanamtoka. Hata Curtis, aliyezaliwa na Orval, hakuwahi kumpeleka Rhonda kule.

Basi Velda akajiwekea sharti, na alilisema kwa sauti, peke yake jikoni, ili asije akaligeuza baadaye. Sabuni ataimeza. Safari ya uongo ya kwa Wade ataimeza pia. Ameshameza makubwa kuliko hayo. Lakini akimkuta Doyle na mtu kwenye kiti cha baba yake, ndoa imekwisha.

Jumapili, baada ya ibada, alifungua sanduku la nguo.

Kumwotea bata mzinga ilikuwa kazi anayoijua. Kumwotea mwanamume uliyemvisha mwenyewe kwa miaka ishirini na sita ni jambo lingine. Kila suti sandukuni Doyle alikuwa ameiona ikikatwa mezani. Ile ya kijivu yenye mistari ya gome angeitambua kwa mbali. Ile ya kahawia yenye kofia, pia. Jicho la mtu huona upesi lile lililolizoea. Alihitaji kitu ambacho macho ya Doyle hayakukitegemea mlimani kabisa.

Chini kabisa, ndani ya gazeti, lilikuwako koti la turubai la Curtis. Kahawia iliyopauka, halina mabaka, limechubuka viwiko. Rhonda mwenyewe ndiye aliyemletea wiki ya pili baada ya mazishi. “Lichukue, wifi,” alilia, “mimi siwezi kulitazama.” Velda alimkumbatia. Mwaka mzima baada ya hapo alimpelekea chakula kila Jumapili, akamshonea mapazia, akamtuma Doyle amkatie kuni.

Ndiyo. Yeye ndiye aliyemtuma.

Akakata magunia kuwa vitambaa vyembamba, akavichovya kwenye maji ya maganda ya kokwa za jozi hadi vikawa rangi ya majani yaliyolala, akavishonea mabegani na mikononi viningʼinie. Koti tupu lina mabega ya mtu. Koti lenye matambara yanayoningʼinia halina mwanzo wala mwisho. Akapaka masizi kwenye soli za viatu, maana mwindaji akikaa, soli ndizo zinazotangulia kuonekana. Akashona wavu wa uso wenye tundu dogo la macho, akarefusha glavu zifunike saa. Alipomaliza alilitundika kwenye mwerezi, akarudi hatua ishirini, akageuka. Hakuliona. Akatembea kwa mikono mbele kama kipofu hadi alipoligusa.

Jumatatu Doyle aliondoka saa tisa na nusu alfajiri, akambusu paji la uso. Velda alihesabu mia mbili, akainuka.

Hakupita njia ya kawaida. Alizungukia upande wa nyuma wa mlima, goti likimlilia kila hatua, akafika juu kabla ya ndege wa kwanza. Hatua thelathini juu ya kiti, upande wa kushoto, kulikuwa na mwerezi ulioanguka na mizizi yake yote. Akaingia katikati ya mizizi, akaiweka bunduki ya marisau magotini, mdomo wake ukitazama kaskazini, kwenye bonde tupu. Hilo alilihakikisha mara mbili. Akajipanga kivulini, jua likija limkute mgongoni. Akatulia.

Kutulia kwenyewe kuna madaraja. Kwanza mikono, halafu kichwa, halafu pumzi. Mwisho unatuliza mawazo, maana mwenye mawazo hutingisha mguu. Daraja hilo la mwisho siku ile lilimshinda.

Anga lilipoanza kupauka, akasikia majani makavu yakivunjika chini. Nyayo za Doyle alizijua, anaburuza mguu wa kulia. Akaomba. Nyuma ya nyayo za Doyle zikafuata nyayo ndogo.

Wakakaa. Wote wawili, kwenye shimo moja, bega kwa bega.

Mwenzake Doyle alikuwa amevaa suti ndogo ya kijivu iliyoshonwa vizuri sana, na Velda aliijua kila mshono. Aliishona Februari. Doyle alimletea vipimo kwenye karatasi, akasema ni vya mke mpya wa Wade, mama mwembamba, “mshonee kitu kizuri, mgeni huyo.” Velda alikuwa ameongeza mfuko wa ndani wa kuwekea leso, kwa hisani yake, maana wanawake wembamba huhisi baridi pua ikawatoka maji.

“Shemeji,” sauti ya Rhonda ilinong'ona, “mguu wangu umekufa ganzi.”

“Usiniite shemeji huku.”

“Nikuite nani basi, mjomba?”

“Vuta wavu usoni. Shavu linang'aa kama sufuria.”

“Jana hukulilalamikia hilo shavu.”

“Nyamaza, mwanamke, utatufukuzia dume.” Lakini naye alikuwa anacheka.

Porini kwao kuna sheria ambayo mtoto huijua kabla ya kushika bunduki. Ukimwona mwindaji mwenzako, usipunge mkono, usilie mlio wa bata. Sema kwa sauti ya binadamu, wazi, ajue upo. Velda alifungua kinywa aseme. Aliapa baadaye kwamba alikifungua. Ndipo Rhonda akauliza:

“Na Velda akija?”

“Goti halipandi. Halafu nimemwambia dume limehama.”

“Akaamini?”

“Velda? Mwambie jua leo linachomoza magharibi, atakuuliza tu avae ya rangi gani.”

Kinywa cha Velda kikafungika.

“Si vizuri, Doyle. Amenilisha mwaka mzima.”

“Basi na mimi nakulisha bata mzinga, tumelipana.”

“Curtis aliniambia kiti hiki hawapandi wageni. Hata mimi alinikatalia.”

“Curtis yuko chini ya ardhi, na mzee wake yuko kando yake. Kiti ni cha aliyekikalia.”

Kuna maumivu yanayopiga kelele na kuna yanayonyamazisha. Velda hakulia. Alijikuta anatazama mshono wa bega la Rhonda na kuwaza kwamba pale uzi ulikaza kidogo, angeulegeza. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo kwa upendo usiku wa baridi, karibu na jiko, huku Doyle amekaa pembeni akimsomea habari za gazeti na kumwambia mkono wake hauna mfano.

Dume likanguruma mtini. Doyle akakwaruza kisanduku chake cha mti, mlio wa jike, laini, mara tatu. Dume likajibu, likashuka, mabawa yakipiga matawi. Kwa robo saa likaja polepole, likisimama, likijivimbisha, mkia umefunguka kama pepeo, kichwa kikibadilika rangi. Ndevu zake, lile shada la nywele linaloota kifuani, zilikaribia kuburuta ardhini. Hatua sitini. Hatua hamsini. Kwa Doyle bado ilikuwa mbali.

Jua likapita juu ya ukingo, likagusa kiti cha Orval.

Velda aliona kabla ya dume kuona. Zile nguo mbili, ya mume wake na ya wifi yake, zilizofuliwa pamoja katika mashine moja na hazikurudiwa kwa magadi, ziliwaka buluu kwenye mizizi kama moto wa gesi. Dume likarefusha shingo. Likatoa sauti moja kavu ya hofu, likageuka, likakimbia.

“Limeona nini?” Doyle alinong'ona kwa hasira. “Hatujatingisha kitu! Limeona nini?”

Bata mzinga akiogopa hukimbilia juu. Dume lilizunguka kiti kwa mbali, likaja mlimani mbio, kaskazini, likasimama kurudisha pumzi hatua ishirini kutoka kwenye mizizi ya mwerezi. Halikumwona Velda. Akatazama mara ya tatu: nyuma yake bonde tupu, watu wako chini kushoto, mbali na mdomo wa bunduki. Akafyatua.

Mlima wote uliitika, dume likaanguka. Kisha, kwa kuwa hakukuwa tena na sababu ya kukaa, akasimama.

Rhonda aliona majani yakiinuka na kuwa koti. Koti la turubai, viwiko vimechubuka. Alitoa ukelele ambao Velda hajausahau.

“Curtis! Mungu wangu, Curtis, nisamehe!” Akaanguka magotini.

“Curtis hayupo,” Velda alisema, akivua wavu. “Ameniachia koti tu.”

Doyle alikuwa amesimama, uso mweupe. Rangi ilipomrudia, ilirudi na hasira. “Wewe! Ulitaka kutuua?”

“Bunduki ilitazama kaskazini. Nenda ukaangalie marisau yalipopita.”

“Umekaa hapo juu unanichungulia? Mimi, mume wako? Sheria ya porini unaijua, Velda. Ukiona mtu, unasema!”

“Kweli. Hapo nimekosa.” Akashuka polepole. “Sasa nasema. Doyle, zile nguo zilifuliwa wapi?”

“Mwanamke, hapa ni mahali pa kuzungumza habari za nguo?”

“Nina habari gani nyingine? Mimi si mtu wa nguo tu? Ukiniambia jua limechomoza magharibi nitakuuliza nivae ipi.”

Doyle akatazama chini. Alielewa kwamba Velda amesikia yote.

“Wifi,” Rhonda alianza, machozi na kamasi, akipapasa mfuko wa ndani wa suti, akatoa leso. “Wifi, nisikilize, ilianza tu kwa zile kuni...”

“Usiniite wifi. Wifi yangu ni mke wa Curtis, nilikuwa nampelekea chakula kila Jumapili. Wewe sikujui. Wewe ni mke wa Wade.”

Akarudi juu, akamfunga dume miguu kwa kamba, akambeba begani, akashuka tena. Uzito ulimyumbisha. Na Doyle, kwa mazoea tu, mazoea ya miaka ishirini na sita, akanyoosha mkono. “Lete nikubebee. Goti lako.”

Hilo ndilo lililokaribia kumvunja. Akaupita mkono ule.

Alifikiri ametoka mlimani na ukweli, basi ukweli utatosha. Lakini Doyle ana pikapu, yeye ana goti. Saa nne asubuhi, alipofika kwenye duka la petroli njia panda, ambako wawindaji hunywa kahawa na kupima ndevu za madume yao, hadithi ilikuwa imeshamtangulia. Wanaume wakainamia vikombe vyao alipoingia. Imogene, mama mwenye duka, waliyeimba naye kwaya moja tangu wasichana, akamvuta pembeni ya jokofu.

“Velda, wanasema uliwaelekezea bunduki.”

“Nani anasema?”

“Watu. Kwamba ulijificha ukawaotea kama wanyama.”

“Nilijificha, ndiyo. Kwenye kuwinda bata mzinga watu hufanya nini kingine?”

“Mimi nakuuliza tu, mpenzi. Unajua mdomo wa watu.” Imogene akapangusa kaunta iliyokuwa safi. “Lakini tangu lini umekasirika hivyo? Sisi tulidhani unajua, ukaamua kukaa kimya. Miaka miwili, Velda. Pikapu yake inalala pale, barabarani kabisa.”

Velda akawatazama. Wale wanaume wa kahawa, wanne kati yao walikuwa wamevaa nguo alizowashonea yeye. Aliwavisha, akawafundisha kutulia, na kweli walikuwa wametulia. Miaka miwili hakuna aliyepepesa.

“Mlijua,” alisema.

“Tulikuonea huruma.”

“Huruma yenu mngenipa kwa mdomo. Imogene, una rangi ya zambarau?”

“Ya kupaka miti? Ndoo moja nadhani ipo stoo. Unataka ya nini?”

“Nipe ndoo. Na brashi pana.”

Kule kwao, mstari wa zambarau kwenye shina la mti una nguvu ya sheria. Maana yake: ardhi hii ina mwenyewe, usikanyage. Hauhitaji ubao wala maandishi, na sherifu, mkuu wa polisi wa huko, anauheshimu kama hati. Mlima ule ulikuwa wa Orval, na Orval aliuacha kwa binti yake, mlima na nyumba iliyo chini yake. Doyle alihamia pale siku ya harusi na masanduku mawili.

Akaanzia barabarani. Mstari wa urefu wa mkono, usawa wa kifua, mti baada ya mti. Mwaloni, mwerezi, mwaloni. Rangi ilimtiririkia kwenye mikono ya koti la Curtis, hakujali. Saa saba alikula mkate mkavu akiwa amesimama. Akapanda mpaka wa mashariki hadi juu, akashuka wa magharibi kwa makalio goti lilipokataa. Kwenye mwaloni wa kiti aliweka ndoo chini. Majani ya shimoni yalikuwa bado yamelala kwa umbo la watu wawili. Akayatoa yote kwa mikono hadi akaona udongo, akapaka mti.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama alifika kwenye njia ya nyumbani na ndoo iliyokwanguliwa hadi chini. Huko akapaka nguzo zote mbili za geti.

Pikapu ya Doyle ilikuja, ikasimama. Hakuzima injini. Alitazama nguzo moja, akatazama nyingine.

“Velda, usiwe mtoto. Hapa ni kwangu.”

“Hapa ni kwa Orval.”

“Nguo zangu ziko ndani. Dawa zangu. Kesho kuna barua ya bima, nani atakusomea?”

Hilo hakuwa amelifikiria. Lilikuwa kweli, na Doyle aliona kwamba limempiga.

“Unaona?” akasema, sauti ikilainika, sauti ile ile ya kusomea gazeti. “Fungua geti, mama. Tuongee.”

Velda aliitazama brashi. Bado ilikuwa na rangi kidogo.

“Ukikanyaga nampigia sherifu simu,” alisema. “Namba zake nazijua. Namba sikuzisahau.”

“Na barua?”

“Zitakaa. Zisizosomwa hazinidanganyi.”

Doyle alikaa pale muda mrefu, akisubiri abadilike, kama mtu anayesubiri bata arudi kwenye mlio uleule. Kisha akarudisha pikapu nyuma, akageuza, akaelekea barabara ya kwa Rhonda, safari hii bila kupitia kwa Wade.

Dume lilikuwa bado limelala kwenye karai barazani, alikoliacha asubuhi, halijanyonyolewa. Nyama ya watu wanane. Velda akaketi ngazini kando yake, akalivuta, akaanza kung'oa manyoya ya kifua, moja moja, mikono yake yote miwili ikiwa zambarau hadi viwiko.